Mtani Hanuniwi

Zamani za Mdachi niliketi stesheni ya Morogoro nikingoja gari la moshi. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili wa Kinole na vikapu vyao vya ndizi. Majina yao nayajua. Siyaandiki, maana wana wajukuu hapa mjini.

Mmoja alikuwa akimngoja mumewe, kibarua wa reli.

"Shoga, nimemkumbuka, lakini usingizi leo ndio kwaheri. Anakoroma yule!"

"Mwambie."

"Nilimwambia safari ile, akakunja mkeka akaenda kwa mama yake. Akiondoka tena harudi."

Mwenzake akajipiga kifua. "Niachie mimi. Ukoo wetu na wa mumeo ni watani, na mtani hanuniwi."

Gari likaingia, mume akashuka na mzigo kichwani. Mtani akamwahi.

"Karibu, shemeji! Kumbe ni gari hili lililokuwa likinguruma? Sisi hapa tulidhani ni wewe umelala!"

Mke akajifunika uso kwa kanga. Mume akacheka mpaka akatua mzigo.

"Kweli nakoroma, mtani. Lakini mke wangu huongea usingizini. Nikinyamaza mimi, majirani watasikia yote unayomnong'oneza kisimani."

Wazee walisema utani hauna hasira; hawakusema hauna majibu. Yule mtani akamshika rafiki yake mkono.

"Shoga," akasema kwa upole, "mwache mwanamume akorome."