Sweta Mbili Juu ya Tumbo Tupu

Watu wengi huanza ushuhuda kwa kuwasamehe waliowakosea. Mimi sijafika hapo. Namshukuru Mungu kwamba mimi ni mzima, lakini kwanza nina maneno na matroni wa shule ya bweni niliyosomea huko Kangema.

Jina langu ni Wangeci. Nilizaliwa Endarasha, kwa mama anayelima kabichi na viazi, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunihesabia vijiko. Nilikuwa mtoto wa kula. Mama alikuwa akijivunia, "Huyu ukimpa sufuria atakurudishia kama imeoshwa." Hedhi ilipoanza alinionyesha namna ya kuvaa sodo, akaniambia nikae mbali na wavulana, na mafunzo yakaishia hapo. Kuhusu tumbo hakusema neno, nadhani kwa sababu yeye pia hakuambiwa.

Shuleni kila mwezi mambo yalikuwa yale yale. Siku chache kabla ya damu, njaa ilinishika kama mtu aliyetoka kulima. Nilimaliza githeri yangu ya mahindi na maharagwe, nikala ya jirani, na bado nilitamani kitu chenye chumvi. Choo kilikataa kutoka, tumbo likajaa gesi, sketi ikakataa kufungika. Halafu damu ikianza tu, kila kitu kiligeuka. Niliharisha, nikatapika, kiuno kikauma mpaka nikajikunja. Vyoo vilikuwa ng'ambo ya uwanja, na asubuhi za Kangema ni ukungu na baridi. Nimevuka uwanja ule mbio, nimeshika sketi kwa nyuma, mara nyingi kuliko nilivyowahi kukimbia katika michezo.

Nikamwendea matroni. Yeye ndiye aliyegawa dawa na sodo, na wakati wa chakula alisimama mlangoni pa bwalo akitutazama tukila.

"Ati unaendesha tena?" akasema, kwa sauti ya kufika meza ya mwisho. "Si ni wewe juzi nilikuona ukiongeza githeri? Wewe ni mlafi. Wasichana wote hapa wako na period na hakuna mwingine anasumbua. Kula kidogo kama watu!"

Bwalo zima likacheka. Nilimchukia siku hiyo, na kibaya zaidi ni kwamba nilimtii.

Kwanza nilipunguza chakula wakati wa hedhi tu. Kisha nikaona ni heri nisingoje hedhi. Githeri yangu ikawa ya wenzangu wa meza, nao wakanipenda ghafla, wanafiki wale. Tumbo likatulia, nikajiona mjanja. Haikuchukua muda nikaanza kushikwa na kizunguzungu kila nikisimama. Nywele zilibaki kwenye kitana. Baridi iliniingia mpaka nikawa navaa sweta mbili hata jua likiwaka. Asubuhi nilitema mate ovyo kwa kichefuchefu cha tumbo tupu. Hedhi nayo ikapungua, kisha ikakoma kabisa.

Nilishangilia. Nisikieni vizuri hapo. Mwili wangu ulikuwa unazima taa moja baada ya nyingine, nami nilidhani nimeshinda.

Kumbe matroni alikuwa akiona. Aliona siendi tena kuchukua sodo. Aliona mate. Aliona sweta mbili. Siku moja baada ya gwaride alinivuta kando. "Toa hizo sweta," akaniambia, akanibonyeza tumbo kwa vidole kama anayechagua parachichi sokoni. Mama akaitwa.

Mama alikuja na gambuti miguuni, zenye udongo wa shamba. Matroni hakumpa hata kiti.

"Mama Wangeci, huyu msichana wako ni mzito. Shule yetu haitaki hiyo maneno. Mpeleke hospitali. Kama ni kweli, asirudi hapa."

Mzito! Upepo wa Endarasha ungenipeperusha.

Mama hakunisemesha mpaka tulipofika hospitali mjini Nyeri. Tukiwa kwenye benchi aliniuliza polepole, bila kunitazama, "Niambie ukweli kabla daktari aniambie. Ni ya nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Naapa."

"Usiape."

Hapo nikajua kwamba hata yeye haniamini. Masomo yangu yalikuwa yananing'inia kwenye kikopo cha mkojo, na mama yangu alikuwa upande wa matroni. Hilo liliniuma kuliko vile vidole.

Daktari alikuwa mwanamke kijana asiye na haraka. Alipima mkojo, akatuma nitolewe damu, akanipandisha kwenye mizani. Kisha aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Jana ulikula nini?"

Chai, nikasema. Akauliza juzi. Chai. Akamgeukia Mama.

"Mama, hana mtoto tumboni. Hana hata chakula. Mwili wake uko na njaa mpaka umefunga hedhi."

Mama alivua kitambaa cha kichwa, akajifunika uso nacho, akalia pale pale. Mimi sikulia. Hasira ilikuwa imekausha kila kitu.

Nilimweleza daktari habari ya kuharisha, nikingoja naye acheke. Hakucheka. Alisema ile kemikali inayokaza mji wa mimba ili damu itoke huufikia na utumbo, maana ni majirani, ndiyo sababu choo hulegea. Njaa ya kabla ya hedhi nayo huletwa na homoni, si ulafi. Niliona uchungu. Yaani kukosa kuelezwa jambo la dakika chache tu kulikuwa kumeninyima nywele zangu!

Kupona hakukuwa rahisi. Tumbo lililozoea kukaa bure lilikasirikia kila kijiko, nami nilikuwa naogopa sahani kama mtu anavyoogopa mbwa aliyemuuma. Mama alikaa nami jikoni kila siku na uji, na viazi vya kuponda. "Kula hii kidogo," aliniambia, "halafu unikasirikie ukiwa umeshiba." Tulirudi kliniki mara kadhaa. Damu ilirudi nikiwa shambani tukivuna viazi. Kuharisha kukarudi nayo, ila safari hii kwa adabu.

Sasa wewe msichana, sikiliza. Njaa ikija kabla ya siku zako, kula. Kula kidogo kidogo mara nyingi, matunda na mboga ili choo kitoke, na unywe maji. Ukiharisha, maji yaongeze, ule vyakula laini kama uji na ndizi, maharagwe yangoje kama yanakujaza gesi. Dawa ya maumivu muulize mhudumu wa afya kwanza, na uinywe ukiwa umekula. Hedhi ikikoma, ukikonda, ukitapika kila kitu au ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali. Anayekucheka hatakuuguza. Na wewe mzazi, uliza chakula kabla hujauliza mvulana.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule. Mama nimemsamehe, kwa sababu aliniomba.

Matroni hakuniomba. Niliporudi shuleni aliniona mlangoni pa bwalo, akajifanya anatazama sufuria. Hedhi ilikuwa imenianza asubuhi hiyo. Zamani ningemnong'oneza. Nilisimama mbele yake.

"Matroni, naomba pedi," nikasema, kwa sauti ya kufika meza ya mwisho. "Na uambie jikoni waniongezee githeri. Niko na njaa."

Hakuna aliyecheka. Aliniletea pedi, na sahani akaileta kwa mkono wake mwenyewe. Sikusema asante. Nilivua sweta ya pili, nikaiweka kwenye benchi, nikala mpaka nikashiba, naye akinitazama.