Maua ya Zafarani Nyuma ya Kisima

Uani kwetu Bagamoyo palikuwa na harufu ambayo sijaikuta tena mahali pengine: udongo mbichi wa kisimani, majivu ya jikoni, mrehani uliokanyagwa, na chumvi iliyopenya kwenye kila kitu katika mji ule, hata kwenye mito ya kulalia. Ukuta mrefu wa mawe ulituficha na njia. Kisima kilikuwa pembeni kabisa, chini ya ukuta wa nyumba ya jirani, mahali ambapo jua lilifika kwa muda mfupi tu kisha likaondoka. Mama yangu alikuwa na asumini zake karibu na mlango, za kutia kwenye nywele siku za harusi, na hizo hakuna mtoto aliyethubutu kuzigusa. Lakini nyuma ya kisima, penye kivuli na unyevu, palikuwa pa Zafarani.

Zafarani ndiye aliyenilea. Alikuwa mtumwa wa nyumba yetu, na ninalisema jambo hili wazi kwa sababu wajukuu zangu hupenda kusikia kwamba alikuwa kama ndugu. Hakuwa kama ndugu. Ndugu huulizwa kama anataka kuja. Yeye aliletwa kutoka Unyamwezi na msafara, akafika pwani kifua kimejaa maziwa, kwa kuwa mtoto wake mchanga alikuwa amemfia njiani. Mimi nilikuwa nimezaliwa karibuni, mama yangu amelala na homa na maziwa hayatoki. Basi maziwa ya yule mtoto aliyezikwa njiani nikayanyonya mimi. Jina la Zafarani alipewa kwetu. Jina lake la kwao lilikuwa Kabula. Aliniambia siku moja akinisuka, kisha akanikataza kulitamka mbele za watu. Tulipokuwa wawili nilimwita Mama. Watu wakija, nilimwita Zafarani kama walivyomwita wote.

Alikuwa na mtoto mwingine, msichana, jina lake Limi. Huyo alifika Bagamoyo akiwa hai, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na siku waliyofika ndiyo siku waliyotenganishwa. Zafarani hakulizungumza jambo hilo sana. Ila alikuwa akitwanga, mara husimama, mchi uko juu, anasikiliza sauti ya mtoto anayepita njiani nyuma ya ukuta. Sauti ikishapita, mchi hushuka tena. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya mkeka napeta mchele wa kuchezea, na kila mchi uliposimama hivyo nilihisi baridi, kama kwamba kuna mtu wa tatu pale uani ambaye mimi peke yangu simwoni.

Nilipokuwa karibu na umri wa kuota meno ya kiutu uzima, nilipata kidonda mguuni kikakataa kupona. Dawa zote za nyumbani zikashindwa. Mama hakupenda habari za Misheni, lakini kidonda kilianza kunuka, akaona hana budi. Zafarani akanibeba mgongoni, tukaenda kwa wale watawa wa kike waliokuwa wakitibu watu. Huko Misheni ndiko walikokuwa wakilelewa watoto waliokombolewa utumwani, nasi watoto wa mjini tuliwaogopa bure, tukiambiana kwamba wanalishwa nyama ya nguruwe na wanasahau mama zao.

Nilikwisha kuoshwa na kufungwa kitambaa, tukawa twatoka, tulipopita penye bustani. Msichana mkubwa kidogo kuliko mimi alikuwa amechutama akipalilia. Zafarani alisimama ghafla hata kidevu changu kikagonga kichwa chake. Msichana yule alikuwa na kovu la moto kwenye kiwiko, limekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

"Limi," Zafarani akaita, kwa sauti ndogo sana.

Msichana akainua uso. Akatutazama bila woga, akasema, "Shikamoo. Mimi naitwa Helena."

"Hilo kovu ulilipata wapi, mwanangu?"

"Sijui. Nililetwa hapa ningali mdogo."

Zafarani akamsemesha kwa lugha yao. Maneno yalimtoka mengi, ya haraka, yakigongana. Helena akasikiliza, uso umekunjamana kama mtu anayesikia ngoma ya mbali asiyejua ni ya harusi au ya msiba. Kisha akatikisa kichwa. Kutoka varandani mtawa akamwita. Helena akanyanyuka, lakini kabla hajaenda akang'oa vishina vichache vya majani mabichi pamoja na udongo wake, akavifunga kwa kipande cha jani la mgomba, akampa Zafarani.

"Haya ni maua ya Ulaya," akasema. "Mtawa anasema yana harufu ya karafuu, lakini hapa kwetu hayajapata kutoa ua hata moja. Yakitoa kwako, niletee nami nione."

Miaka mingi baadaye, Waingereza walipokwisha kuja, bibi mmoja wa kwao aliniambia kwamba maua yale huitwa Wiliamu Mtamu. Nilicheka. Sisi uani tuliyaita maua ya baridi, na jina hilo alilitoa Zafarani. Aliyapanda nyuma ya kisima siku ile ile, magoti chini, mikono imezama matopeni. Mwaka mzima hayakutoa kitu ila majani, vishungi vifupi vya kijani kama nyasi zilizochongoka. Kidonda changu kilipona, safari za Misheni zikakatazwa, na Zafarani akabaki na majani yake. Jua likiwa kali aliyawekea kivuli cha kuti. Maji ya kuyanywesha aliyaacha kwanza mtungini mpaka yapoe sawasawa, kwa sababu, alisema, mmea huu unatamani asubuhi za kwao, ule umande unaouma vidole.

"Zafarani, unamwagilia majani?" mama alimtania siku moja.

"Ndiyo, bibi. Namwagilia majani."

Mimi nilimsaidia kuchota maji, na huku namsaidia nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimekwisha kufahamu kwamba ua likitoka, Zafarani atakuwa na sababu ya kwenda, na nilimwona Limi yule kila mahali: kwenye kivuli cha kisima, kwenye mdundo wa mchi, kwenye mkono wa Zafarani uliokuwa ukinisuka kisha ukatulia katikati ya msuko, kama kwamba umesahau kichwa kinachosukwa ni cha nani. Wakati mwingine aliimba akimwagilia, nyimbo za kwao, na alipokatisha kwenye mstari alingoja kidogo kabla ya kuendelea. Nilijua anamwachia mtu nafasi ya kuitikia. Ningeweza kuitikia mimi, maana nilizijua zile nyimbo zote. Sikuitikia, na yeye hakuniomba.

Mwaka wa pili kipupwe kilikuwa kikali kuliko kawaida. Upepo wa kusi ulivuma mpaka mama akatoa mablanketi sandukuni. Hapo ndipo kishina kimoja kilipoinuka, kikatoa kichwa cha vitumba, na asubuhi moja Zafarani aliniita, akanionyesha kwa kidole. Vilikuwa viua vidogo vingi vilivyosongamana, vyekundu, kila kimoja na duara jeupe katikati, kingo zake zimechanika kama zimekatwa kwa meno. Akaniinamisha nikanusa. Kweli, karafuu, lakini ya mbali, kama ya nguo iliyotolewa kwenye sanduku la mtu aliyefariki.

Siku hizo hizo mji ulikuwa umechafuka. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamepandisha bendera yao, watu wa bara na wa mji wanakusanyika na bunduki, na baba yetu yuko safarini Pangani. Zafarani alipiga magoti mbele ya mama.

"Bibi, naomba ruhusa nipeleke ua Misheni."

Mama alikuwa akikunja nguo. Hakuacha kukunja. "Ukienda, utarudi?"

 Zafarani angeweza kusema uongo, na mama angeridhika nao. "Sijui, bibi," akasema.

"Basi subiri mji utulie," mama akajibu, na sauti yake haikuwa na ukali. Nadhani naye alikuwa akiogopa kama mimi.

Mji haukutulia. Kesho yake manowari ilipiga mizinga. Sauti ya kwanza sikuijua ni nini. Nilidhani ukuta wa jirani umeanguka. Watu walimiminika njiani na vyungu, kuku, magodoro, wengine wakielekea mtoni wavuke kwenda upande wa Mkange, wengine wakikimbilia Misheni. Mama alijitwika sanduku. Zafarani alinibeba mgongoni kwa kanga, na mkononi alishika kile kishina cha maua, amekichimbua na udongo wake, amekitia kwenye kata ya maji. Hakuna aliyemuuliza.

Tulipofika njia panda, moshi ulikuwa umekwisha kuziba upande wa pwani. Mama akashika njia ya mtoni. Zafarani akachutama, akafungua fundo la kanga kifuani, akaniteremsha. Alinifunga mimi ile kanga mabegani, akanigusa uso mara moja, akainuka na kata yake. Mama akageuka, akamwita, "Zafarani!" Hakusimama. Nami nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mama!"

Aliyeitika ni mama yangu. "Nipo hapa, mwanangu, nipo hapa," akasema, akinivuta mkono. Yule niliyemwita alikuwa anakwenda, ameinama juu ya kata isimwagike, mpaka watu wakamfunika.

Tuliporudi, miezi mingi baadaye, nyumba haikuwa na paa na uani walikuwa wamefungwa punda. Baba aliuliza habari za Zafarani. Wengine walisema waliona mwanamke mwenye maua kwenye vibanda vya wakimbizi Misheni. Wengine walisema waliokwenda njia ile siku ile hawakufika wote. Mama hakumtaja tena. Lakini kwa muda mrefu, akipakua chakula, mkono wake ulichukua sahani moja zaidi, akaitazama, akairudisha.

Niliolewa Pangani, nikakaa huko mpaka mume wangu alipofariki ndipo nikarudi. Utumwa umekwisha kufutwa. Mwanamke anayetusaidia kupika ana jina lake na mshahara wake, na siku akitaka kwenda kwao huaga akaenda, wajukuu zangu wakamsindikiza mpaka njiani bila kuona ajabu. Ni kwa kumtazama yeye akiondoka hivyo, kwa wepesi, ndipo siku moja nilipojifunga kanga nikaenda Misheni kumwuliza Helena.

Alikuwa bibi mwenye wajukuu, amekaa kibarazani akichambua mchicha. Kovu lilikuwa pale kwenye kiwiko. Nilimweleza mimi ni nani, na kwamba, kama mambo ni yale ninayodhani, sisi ni ndugu wa ziwa moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza kama wakati wa vita alikuja mwanamke na ua.

"Walikuja wanawake wengi siku zile," akasema. "Kila mmoja alikuwa na jina lake la kuniita. Mmoja alinishika sikio, mmoja alinitazama meno. Ua silikumbuki, dada yangu. Nisikudanganye."

"Na ukiitwa Limi?"

"Niliitwa hilo na mengine. Nilikuwa mtoto, sikujua yupi kati yao ndiye mama yangu. Kila aliyeniita mwanangu nilimwitikia nikamkumbatia, asije akawa ndiye nikamwacha akaenda zake." Akaweka chini shina la mchicha. "Kama alifika, basi aliitikiwa."

Kuna siku maneno hayo hunituliza. Kuna siku nyingine hushikwa na lile neno moja lililo mbele yake, kama, na siku hiyo siwezi kula. Zamani nilikuwa mtoto mwenye mama wawili, mmoja akinibeba na mwingine akinivuta mkono. Leo mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Wote huniita mimi, nami huwaitikia.