Mfua mashuka aliyekwenda kuutembelea mji wake

Jua la Shangani, Mtwara, bado halijachomoza sawasawa, lakini kamba za uani kwenye nyumba moja ya wageni zimekwishajaa mashuka meupe. Somoe Nampoto analikamua jingine, analikung'uta, analitupia juu ya kamba, kisha anarudi kwenye beseni. Anaimba kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini.

"Wageni wamelala," anasema akicheka. "Wakiamka ndipo napandisha sauti."

Ana miaka arobaini na saba, mjane, mama wa watoto watatu. Alikuja Mtwara mjini akitokea Kitaya, kijiji cha kandokando ya mto Ruvuma. Kwa miaka mingi alifua mashuka ya watu waliokuja kuuona mji ambao yeye mwenyewe hakuwa ameuona. Asubuhi alitoka kwenye chumba alichopanga mtaa wa Mtawanya, mjini hapo hapo, jioni akarudi. Mshahara wa shilingi laki moja na nusu haukuwa wa matembezi.

Pengine ingeendelea hivyo hivyo, kama si binti mmoja wa Mwanza aliyefika kwa kazi mwaka jana, akabakiwa na siku tupu kabla ya ndege yake. Binti huyo alimfuata Somoe kwenye kamba.

"Shikamoo, mama. Nina siku nzima leo. Niende wapi nikaone?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa hakuna kitu," Somoe akamjibu. "Mtwara ni korosho na joto tu."

Binti akashukuru, akarudi chumbani, akashinda na simu yake mpaka gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilipokuja.

"Iliniuma," anasema Somoe. "Nilipokuwa natandua kitanda chake nikawaza, huyu anakwenda kuwaambia watu wa kwao kwamba Mtwara hakuna kitu, na aliyemwambia ni mimi. Nimejuaje kama hakuna? Nimekwenda wapi mimi?"

Siku yake ya mapumziko ilipofika, alivaa gauni la Idi akampitia shoga yake Tatu, mkaanga korosho wa Mtawanya.

"Harusi ya nani?" Tatu akauliza.

"Tunakwenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kutembea tu."

Tatu, ambaye hadi leo akisimulia siku hiyo hujifuta machozi ya kicheko, anasema alidhani mwenzake ameanza kuugua. Hata hivyo alizima jiko, wakapanda bajaji hadi Mikindani. Somoe alikuwa amepita Mikindani mara nyingi akiwa ndani ya basi la Lindi. Hakuwahi kushuka.

Walipita vichochoroni, kati ya nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, nyingine hazina paa na miti imeota sebuleni. Walisimama mbele ya milango ya nakshi wakabishana kama ua lililochongwa ni asumini au mlangilangi. Kwenye jumba moja la kale linalopangisha vyumba, mlinzi aliwawahi kabla hawajabisha hodi.

"Mama zangu, kazi za usafi zimeshajaa."

Tatu akageuka aondoke. Somoe hakusogea.

"Hatutafuti kazi, baba. Sisi ni wageni. Tumekuja kuangalia."

"Wageni kutoka wapi?"

"Mtawanya."

Mlinzi huyo, Bakari Chande, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaomba radhi, akafungua geti, akawapandisha mwenyewe hadi juu darini. Kutoka huko Somoe aliiona ghuba nzima ya Mikindani, maji tulivu yaliyozungukwa na mikoko na minazi.

"Nikasema," anakumbuka, "kumbe hii yote ilikuwa hapa, mimi nafua."

Si kila walichoona kiliwafurahisha. Bakari aliwaonyesha jengo ambalo wenyeji wanasema lilikuwa soko la watumwa. Somoe aliweka kiganja ukutani, akawaza watu waliotembezwa kwa miguu kutoka bara, pengine wakipita huko huko kwao Kitaya. Walipotoka hapo, muuza pweza mmoja aliziona nyuso zao akawaambia wakae kwanza, wanywe maji.

Alasiri walirudi mjini wakapanda kivuko kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba. Tatu alifumba macho njia nzima kwa kuogopa maji. Ufukweni walivua viatu wakakimbizana na mawimbi, watu wazima na akili zao.

Kesho yake Somoe alimsimulia mwenye nyumba ya wageni, Farida Abdulmalik, mpaka kahawa ya bosi wake ikapoa. "Nikamwambia, Somoe, haya usinisimulie mimi, wasimulie wateja," anasema Farida. Sasa mgeni akiuliza pa kwenda, Somoe huitwa kutoka uani, na siku zake za mapumziko huwapeleka mwenyewe.

Wa kwanza walikuwa Gideoni na mkewe Rebeka, kutoka Mbeya. Somoe alipotea nao vichochoroni Mikindani.

"Mama Somoe, mlango huu si tumeshauona?" Rebeka aliuliza.

"Tumeuona, mwanangu, ila ulikuwa juani. Sasa tunautazama ukiwa kivulini."

Kipato kimeongezeka kidogo, anasema. Lakini anachokiwaza sana ni mama yake, Binti Lipapa, mkulima wa mihogo Kitaya, ambaye ameishi maisha yake yote ukingoni mwa Ruvuma na hajawahi kuiona bahari. Somoe alipompigia simu kumsimulia Msangamkuu, bibi huyo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: maji haya yanayopita hapa kila siku, yanakwenda kuishia wapi?

"Nikamwambia, mama, yanakuja kwenye bahari hii hii. Hakuamini. Akasema, mto mkubwa namna hii, unaisha?"

Masika yakipita na barabara zikikauka, Somoe amepanga kumpeleka mama yake hadi Ruvuma inapomwagikia baharini. Nauli ameanza kuiweka akiba.

"Sitamweleza kitu," anasema. "Nitamshika mkono tu, tusimame pale. Achote maji mwenyewe, aonje, atafute ni wapi mto wake unageuka chumvi."