Marahaba ya Aliyekufa

Jumapili, mwezi wa sita. Tangu asubuhi upepo na baridi, ukungu umechelewa kupanda.

Nakumbuka siku moja ya baridi kama hii, mwanangu, na nisipoiandika leo nitaisahau. Kuandika si kazi yangu. Shule yenyewe niliionja tu. Palipopinda utanyoosha mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, tumehamia kijijini upande wa Mpui, nyumba zimepangwa mstari. Gari la sinema la serikali likaja, wenyewe wakatundika shuka jeupe ukutani. Kwanza walituonyesha mbolea, wazee wakasinzia. Kisha wakaonyesha vita. Hapo hakusinzia mtu.

Kesho yake kila mtoto ana bunduki ya bua la hindi. Nisiseme uongo, mchezo ule ulikuwa mtamu. Jenerali alikuwa Deo, mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, amevaa kofia ya karatasi. Amri yake ilikuwa moja: ukipigwa umekufa, na maiti haongei wala hainuki mpaka vita viishe.

Siku hiyo Deo alimpiga mdogo wangu Yustina katikati ya matuta ya shamba la pamoja. Yustina akaanguka vizuri, sote tukamsifu. Mara mama zetu wakaita, ndama warudishwe. Tukatupa mabua, tukakimbia. Hakuna aliyesema vita vimeisha.

Jua likaanza kushuka, Yustina hayupo. Mama akaita, baba akaita, majirani wakapita shambani wakiita jina lake. Kimya. Baridi ya Ufipa unaijua. Mtoto mdogo mwenye gauni jepesi haimwachi salama. 

Bibi yangu, mzaa baba, akatuuliza sisi watoto, "Mlikuwa mnacheza nini?" Tukamweleza mpaka ile amri.

"Basi anasikia," akasema. "Anawasikia wote, ila mmemkataza kujibu. Deo, twende. Wewe ndiye uliyemuua."

Tulimkuta mferejini kati ya matuta mawili, macho ameyafumba, midomo imepauka, hata mama alipomshika hakusema neno. Hakuwa mkaidi, mwanangu. Alikuwa mtii.

"Mwamkie," Bibi akamwambia Deo. Unajua kwetu: mdogo huchuchumaa, akapiga makofi polepole, ndipo akaamkia. Na salamu hainyamaziwi, hata kama mmegombana.

Deo akanung'unika, "Bibi, nimwamkie huyu? Mimi si ndiye mkubwa?"

"Ulikuwa mkubwa wake alipokuwa hai. Sasa umemfanya marehemu, na marehemu wote ni wakubwa wako."

Deo alikuwa na kiburi, lakini haki yake nimpe: angeweza kukimbilia kwa baba yake, na hakukimbia. Alivua ile kofia, akachuchumaa kwenye udongo mbele yetu sote, akapiga makofi. "Shikamoo, Yustina."

Kikatoka kisauti, meno yakigongana, "Marahaba, mwanangu."

Mama alicheka huku analia. Akamfunga kwa kanga yake, akambeba.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwetu ilitoka marahaba, na hilo najivunia mpaka leo. Maana Deo mwenyewe aliibadili amri: anayeua achuchumae palepale, amwamkie marehemu wake kwa jina, ndipo marehemu ainuke. Jaribu uone kama utaua wengi. Baada ya muda tulikuwa tunaamkiana zaidi kuliko kupigana, na mabua wakayala ng'ombe. Deo alikua mtu wa kuheshimiwa. Sijui kama ni kwa sababu ya siku ile. Pengine angekuwa hivyo tu.

Nayaandika haya kwa kuwa juzi ulitoka kwenye kibanda cha gemu kule stendi, ukamwelekezea mdogo wako Tekla kidole. "Umekufa wewe, usiongee." Naye akanyamaza. Mimi siijui mashine ile, na sitasema imekuharibu. Una adabu, na maji unanichotea. Labda nakuonea. Lakini ile amri naijua.

Basi nasaha yangu ni hii. Cheza, ila usijizoeze kuangusha mtu usiyemjua jina, ukaondoka. Ukimaliza, sema kwamba vita vimeisha. Na aliye mdogo wako usimfundishe kunyamaza, maana siku ya hatari utamwita asiitike.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuinua mtu, na goti lisiloona aibu. Popote utakapoamkia, uitikiwe.

Jioni tumekula ugali wa ulezi na samaki wakavu, migebuka ya ziwani. Tekla aliongea mpaka mchuzi ukapoa, nawe hukumnyamazisha.