Fundi Cherehani Mbele ya Piano

Nakumbuka Jumapili ile ya Koboko, mwanangu, nilipomaliza kupiga wimbo nikageuka na tabasamu, nikakuta kanisa zima linanitazama na mama yangu amefunga mdomo. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nakueleza wewe unayedai kwamba ishirini na tisa ni umri wa kuchelewa, na ambaye tangu asubuhi umeniambia mara tatu kwamba unataka kuacha masomo yako ya piano. Kaa kidogo. Mimi mwenyewe kutulia siwezi, kwa hiyo ukiniona nainuka nainuka, usijali.

Miaka ile ya sabini kazi yangu ilikuwa cherehani. Ufundi niliupata Oli, pale Arua, kisha nikahamia Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, nikaweka mashine yangu kwenye baraza la duka karibu na soko. Ulikuwa wakati wa wasiwasi. Leo rafiki yako ameingia jeshini, kesho mwingine amevuka Kongo kutafuta biashara, keshokutwa mwingine haonekani na hakuna anayethubutu kuuliza. Mimi nilishona. Lakini moyoni nilihangaika, naona kila mtu anakwenda mahali na mimi nakanyaga tu, nakanyaga, niko palepale.

Piano ilitufikia kutoka Arua. Wahindi walipoondolewa nchini, ilibaki katika nyumba moja, ikakaa miaka na vumbi lake, mwishowe kanisa letu likapewa. Tuliileta kwa lori, imebanwa kati ya magunia ya muhogo, na kila shimo la barabara liliipunguzia sauti moja. Koboko nzima aliyejua kuipiga alikuwa mmoja, Mzee Anzelmi, Mkongo aliyeuza mafuta ya mawese sokoni. Alijifunza kwa mapadri huko kwao akiwa mdogo. Sasa vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na alitafuta mtu wa kumwachia kazi hiyo.

Nisikudanganye, sikwenda kwake kwa ajili ya kanisa. Nilikwenda kwa ajili ya mama. Aliishi kijijini Ludara, na tangu ujana wake ndiye aliyewaanzishia kina mama nyimbo. Baba alikuwa askari wa zamani, wakazunguka kambi nyingi, ndiyo maana hata nyumbani mama aliongea nasi Kiswahili chake cha kambini, ambacho "wewe napiga" ni "wewe unapiga". Kifua chake kilikuwa kibovu, na kila mvua iliponyesha kilizidi. Aliposikia habari ya piano aliniambia, "Baba, mimi nataka kuimba na hiyo kitu mara moja tu. Na wewe ndiyo napiga. Halafu basi." Nilimtazama anavyohema, nikaingiwa na haraka.

Somo la kwanza lilikuwa kichekesho. Niliweka mikono, na miguu ikaanza yenyewe. Ujue fundi wa cherehani ya miguu hawezi kushona bila kukanyaga. Mguu ukisimama, na sindano imesimama. Nilikanyaga pedali ya piano kwa mdundo uleule wa kushona suruali, sauti zote zikashikana, zikawa kelele za watu kumi wanaogombana chumba kimoja. Mzee Anzelmi alicheka hadi akafuta machozi.

"Fundi, hii haiko masini ya kushona," akasema. "Ondosha miguu. Hakuna mutu anakufukuza."

Hakujua. Nilikuwa nafukuzwa mchana na usiku. Na yeye alitaka nianze na mkono mmoja, noti tano, juma zima! Mtu mzima mwenye mke na watoto, narudia noti tano kama anayefundishwa kuhesabu. Baada ya mwezi nikamkimbia kiujanja. Nikawa naingia kanisani peke yangu saa za jua kali, watu wamepumzika, nikaukariri kwa vidole wimbo ambao mama alipenda kuuanzisha, mwanzo hadi mwisho. Siku nilipoumaliza bila kukosea nikatuma ujumbe Ludara, mama aje Jumapili. Mzee Anzelmi sikumwuliza. Nilijiona nimefika.

Mama alikuja na kitambaa kipya kichwani. Akasimama mbele ya kina mama wenzake, akaanzisha. Sasa, kina mama wetu wanapoimba, mwanzishaji hulivuta neno la mwisho la kila mstari mpaka wenzake wote wafike, kisha huvuta pumzi pamoja, ndipo waendelee. Jambo hilo nililijua tangu utoto. Lakini vidole vyangu vilizoea kukimbia peke yao, na macho yangu yalikuwa kwenye vidole. Mstari wa kwanza niliwatangulia kidogo. Wa pili mama alijaribu kunikimbilia. Wa tatu alikohoa. Nilisikia, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilisikia anakohoa, nikaongeza mwendo ili nisipotee.

Nilipogeuka na tabasamu langu, mama alikuwa ameshafunga mdomo, kama nilivyokwambia. Alirudi Ludara mchana uleule, amekaa nyuma ya baiskeli ya mjomba.

Kesho yake nilimkuta Mzee Anzelmi sokoni akipanga madebe yake. Hata salamu hakuingoja.

"Ulimaliza," akasema.

"Nilimaliza, mzee."

"Na mama yako ulimuacha wapi?"

Nikashika debe moja, nikaanza kumsaidia kupanga.

"Mwezi muzima usiguse piano. Kwenda kukaa na bamama. Siku utajua banavuta pumzi wapi, utarudi kwangu."

Hasira zilinipanda. Mwezi mzima! Na kifua cha mama kitaningoja? Hata hivyo nilikwenda, maana sikuwa na mlango mwingine. Kila Jumamosi kina mama walikutana Ludara, wakimenya karanga huku wakifanya mazoezi ya nyimbo. Nikapewa kigoda na ungo, mwanamume mzima katikati ya bibi zangu, wapita njia wakinitania kwamba nimeolewa. Mama hakunitazama. Niliimba nao nikakosa, kila mara nimeshaingia mstari mwingine na wao bado. Jumamosi ya pili nikaanza kuangalia mabega. Mama alipotaka kuvuta pumzi, bega lake la kushoto lilitangulia kupanda. Kufika Jumamosi ya nne nilikuwa navuta pumzi pamoja naye bila hata kufikiri.

Mzee Anzelmi akanirudisha kwenye zile noti tano. Ilichukua tangu palizi hadi mavuno, na siku zote hizo niliogopa kuitwa Ludara kwa msiba. Mkono wa kushoto haukuwahi kuelewana na wa kulia. Nilichopata ni wimbo mmoja, mwepesi, wenye noti chache za chini.

Mama alikubali kuja tena, shingo upande. Safari hii tuliigeuza piano ili nikae nikimwona. Akaanzisha. Wimbo ulikwenda polepole mno, damu ikinichemka nitangulie, nikajizuia. Katikati kifua kikambana. Nilishikilia noti moja mpaka ikaanza kufifia, nikaipiga tena, nikangoja. Bega likapanda. Tukaenda pamoja hadi mwisho.

Tulipotoka nje alinishika mkono. "Leo wewe nangoja mimi," akasema.

Hakuimba tena kanisani. Mwaka wa sabini na tisa vita vilipofika kwetu tulikimbilia Kongo, piano ikabaki, na mama akazikwa kulekule ugenini. Nilipata Jumapili moja tu ya kumpigia vizuri. Na kwa haraka yangu, hata hiyo moja nusura niipoteze.

Basi sikia, mwanangu. Mtoto anayejifunza piano hana habari na muda. Sisi tunaoanza tukiwa watu wazima kuna mtu ametuleta, au jambo, na hofu ya kuchelewa inatusukuma mgongoni. Hofu hiyo usiitii. Kesho rudi kwa mwalimu wako, ukubali mazoezi yake madogo na aibu yake. Usikariri wimbo ili uonekane umeweza. Na kama kuna mtu unayejifunza kwa ajili yake, kakae naye kwanza, umsikilize anavyoimba na anapochoka, maana siku ya siku utakwenda kwa mwendo wake, si wako. Muda utakaoutumia hapo usiuhesabu kuwa umepotea.

Mungu akulainishie vidole. Akupe mwalimu asiyeona haya kukukemea. Na yule unayetaka akusikie, mwanangu, Mungu amweke hai mpaka uweze.