Msiruke Pale Anapotoka Majini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa video wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, niliingia na viatu vya kanisani. Nilikuwa mkalimani wa mahubiri: mchungaji anasema kwa Kifaransa, nami pembeni yake nasema kwa Kiswahili, akiinua mkono, nainua, akilia, nalia. Patron, mwenye ukumbi, mzee wa Bukavu kama mimi, alikuwa amenisikia Jumapili moja akanifuata mpaka kwenye cherehani yangu.

"Mama, we unaweza kusema sauti ya mwanaume amekasirika?"

"Kila Jumapili njo nasema," nikamjibu.

Ninyi vijana mnaopokea filamu ikiwa tayari na Kiswahili ndani, sikilizeni. Sisi tulikaa kando ya televisheni, mikro ya kusemea mkono mmoja, mwingine kwenye kitufe cha sauti. Mtu akisema, unashusha sauti ya filamu na kusema wewe. Mapanga yakianza, unaipandisha na kunyamaza. Asubuhi unaitazama filamu peke yako, usije ukashangaa pamoja na watu. Na kabla ya sehemu ya pili unasimulia ya kwanza yote, kwa sababu kambi inapata wageni kila mara. Hiyo tuliiita kukumbusha. Patron hakukubali iachwe. "Mutu akiingia mu salle yangu," alisema, "asibakie inje ya filme."

Basi ikaja filamu ya maharamia. Kapitene mwenye sikio moja anaziibia meli za gavana na kuwagawia wavuvi. Mwishoni meli yake inavunjika, anazama, na picha inabaki maji matupu. Kwenye benchi la mbele alikaa Mama Riziki, mkulima wa Fizi. Mume wake alipanda mtumbwi Ziwa Tanganyika siku ya kukimbia vita, na mtumbwi haukufika. Kila mtu pale alijua.

"Amekufa?" aliniuliza mbele ya watu wote.

"Filme haijasema, mama. Tungojee ya pili."

Akangoja, na sisi wote tukangoja. Bombani watu waliniamkia kwa swali hilo, hata mashemasi waliojifanya hawajaiona.

Kabla ya pili haijafika, Patron alipata safari ya Kanada, akamwachia ukumbi msimamizi tuliyemwita Gérant, kijana wa kwetu aliyepanga nyumba mjini, Area 47, na kuja kwa minibasi kupitia Lumbadzi, saa mkononi. Yeye ndiye aliyeileta sehemu ya pili kutoka soko la Tsoka. Niliitazama asubuhi, nikalia, nikafuta macho nikamngoja.

"Ruka mwanzo," akaniambia. "Mwanamuke anashona tanga, anatazama maji, hakuna kintu pale. Essence, mafuta ya générateur, ni kidogo. Anzia kwa mapanga. Batu banapenda mapanga."

"Bamengoja kuona anatoka namna gani."

"Mama, we ni mukalimani. Hauko muchungaji."

Hasira ile bado ninayo, sioni haya kusema. Mapanga ni matamu, nani anakataa? Kamba, bendera, mtu anaruka kutoka meli hii hadi ile, hata mimi nilikuwa nikipiga kelele. Lakini mapanga yalikuwamo hata katika ya kwanza. Watu walirudi kwa ajili ya yule aliyezama! Kijana mwenye diploma yake hakuliona hilo, na ukumbi ulikuwa wake.

Mchana akaanzisha filamu katikati. Kapitene huyo, mzima, anashika usukani na kutukana. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Riziki akasimama.

"Ametoka wapi? Ametoka namna gani?"

Nikamtazama Gérant. Akanipungia mkono niendelee. Nikaweka mikro chini. Maharamia wakabaki wanapiga kelele kwa Kifaransa, na watu wakaanza: "Rudisha! Rudisha!"

"Mwenye kutaka kilio aende kanisa!" Gérant akajibu.

Maneno hayo, kwa watu wale! Nikatoka nje, uani. Mama Riziki akanifuata, kisha benchi lake, kisha karibu wote, wakamwachia mapanga yake. Nikasimama kama kanisani, nikawapa mwanzo wote: mwanamke na tanga lake, wavuvi wanaovuta wavu mzito, mkono unaoshika kamba, kapitene anatapika maji na kuuliza kama kuna chakula. Wakacheka, wakashangilia. Kazi yangu iliishia hapo uani, na Gérant hakuniita tena.

Siku hizi nashona tu. Jirani ananionyesha filamu kwenye simu, sauti ya mtu nisiyemjua imerekodiwa humo, anachekesha, na mianzo imekatwa. Ananiuliza kama si nzuri. Namwambia si nzuri.

Wiki iliyopita Mama Riziki alileta gauni nilipunguze. Akaomba nimsimulie tena pale kapitene anapotoka majini. Nami, kwa kutaka kumfariji, nikamwambia asikate tamaa, Mungu anaweza, labda na mzee wake siku moja.

Akanikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia Gérant.

"Usinidanganye, mama. Wangu iko mu maji, najua. Sababu ile njo nataka kuona mutu mumoja anatoka."

Nikaweka gauni chini, nikasimama, nikaanzia pale mwanamke anaposhona tanga.