Atazame Kona ya Dari

Muuguzi wa chumba cha pili hana haraka na mtu. Kila mgonjwa mwenye homa, yeye humwambia atazame kona ya dari bila kugeuza shingo. Mgonjwa akikunja uso kwa maumivu ya macho, muuguzi huguna. Leo fundi cherehani, ambaye kipimo chake hakikuonyesha malaria, alikunja uso. Muuguzi akamfunga mkanda wa presha, akaubana dakika tano huku akiimba kwa sauti ya chini.

"Presha sina, dada."

"Tulia, kaka."

Alipoufungua, mkono ulikuwa umejaa vidoa vyekundu. "Macho yanauma, na sasa vidoa hivi: nadhani ni homa ya dengue, kipimo cha damu kitatuhakikishia. Nyumbani mwaga maji yote yaliyotuama, mbu wanaoieneza hupenda maji safi."

Fundi akayasogeza macho yake yanayouma mpaka dirishani, kwenye chombo cha maua kilichojaa maji pomoni. Muuguzi akayafuata. Safari hii aliyekunja uso ni yeye. Kisha akacheka, akainuka kwenda kumwaga.